Aliyekaa Nyuma Yako Siku za Jumamosi

Mpendwa Baba Neema,

Sijui mtu aliyetangulia anasalimiwaje. Habari za asubuhi sitakuuliza, huko hakuna asubuhi. Nikasema nikuambie tu nilipo, ujue naandika nikiwa wapi: nimekaa barazani kwa mama yako, Nkoaranga, kwenye kile kiti chako chenye mguu uliofungwa waya. Ni Jumamosi, saa nne. Kahawa imeanikwa mbele yangu, kuku wanaifuata nami nawafukuza kwa ndala. Naandika kwenye kurasa za mwisho za daftari la kwaya, kwa hiyo ukiona mstari wa sauti ya tatu katikati ya maneno yangu, uruke.

Jumamosi ijayo ukoo unakaa kumaliza matanga. Koti lako limeshapata mtu. Mashine zako za kusukia waya za mota zimeshapata mtu. Imebaki ile pikipiki, nayo wamesema inasubiri neno langu. Sikuweza kutoa neno, kwa sababu kulikuwa na jambo nililotaka kulijua kwanza, na wewe ndiye uliyekuwa nalo, na umelala.

Nianze mbali kidogo, univumilie.

Unakumbuka siku ulipoileta nyumbani? Nilijua unanunua pikipiki. Uliniambia, tukaiombea kabisa mezani. Ila mimi akilini niliona bodaboda, kitu cha kubebea gunia la maharage. Ukaingia getini na kitu cha buluu kimeinama mbele kama vunjajungu, silinda nne, na mlio uliowafanya akina mama wa jumuiya waliokuwa wanaimba sebuleni wakatize ubeti katikati. Ulikuwa na miaka arobaini na tisa. Mzee wa kanisa. Mtu mwenye suti moja.

Nikakuuliza, "Baba Neema, hii ni ya nini?"

"Ya kwenda."

"Kwenda wapi?"

"Kwenda tu."

Nikageukia jikoni. Lakini lile jibu lilibaki na mimi. Mtu mzima anaendaje tu? Mimi nikitoka nyumbani nakwenda sokoni, kanisani au hospitali. Nilikuwa nakuchungulia dirishani unavyoifuta, unavyopaka cheni mafuta kwa mswaki wa zamani, unavyolaza sikio karibu na injini kama unavyofanya kwenye mota za watu. Nilitaka kujua unasikia nini. Sikuuliza. Niliona mke wa mzee wa kanisa hatakiwi kuonyesha kwamba anaitamani dunia.

Mwisho nilipanda, mara ile moja. Tulikuwa huku huku kwa mama yako, tunarudi mjini. Ukaniambia nikae kiume, miguu huku na huku. Nikakuambia kwa kitenge hiki, watu wananitazama, haiwezekani. Nikakaa upande, kama tunavyokaa wanawake wote kwenye bodaboda, mkono mmoja kwako na mwingine umeshika pochi. Ukasema, "Haya, ila nikilala kwenye kona, na wewe lala." Nikaitikia bila kukuelewa.

Ile kona ya chini ya hospitali ulipoilalia, mimi niliona tunaanguka. Mtu akiona anaanguka kushoto anajivuta kulia, ndivyo Mungu alivyotuumba. Nikajivuta kwa uzito wangu wote, nawe unaujua. Pikipiki ikakataa kona. Ikaenda moja kwa moja, ikavuka mfereji mdogo, ikaingia kwenye migomba ya watu na kulala taratibu kwenye majani makavu, na sisi juu yake.

Mwenye shamba alitoka na panga lake, akatutazama kwa muda, akasema, "Shikamoo mzee wa kanisa. Ndizi bado hazijaiva."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta kiatu. Nikakuambia sipandi tena kitu hicho mpaka Yesu arudi.

"Basi akirudi tutampokea nayo," ukasema.

Nikarudi mjini kwa gari, na kweli sikupanda tena. Tangu hapo Jumamosi zikawa zako. Mimi Jumamosi ni siku yangu ya soko pale Kwa Mrombo, natoka mapema na maharage yangu. Wewe ulikuwa unasema, "Nafika kwa mama mara moja." Jioni nakukuta umeshaoga, uso umepigwa na jua, na una furaha fulani usiyoisema. Nilidhani ni furaha ya mtu aliyemwona mama yake.

Halafu ikaja ile Jumanne. Presha ikakuangusha kazini, umeshika waya wa shaba mkononi. Msibani watu walikuwa wakiiona pikipiki pale uani wanatikisa kichwa. Nilichoka kueleza kwamba haikukuua, kwamba ilikuwa nyumbani imefunikwa turubai. Mmoja akaniambia, "Hata hivyo." Nikaacha.

Wiki tatu baada ya maziko niliingia stoo kutafuta karai. Nyuma ya mabati nikaona mfuko, na ndani ya mfuko helmeti. Yako naijua, ni nyeusi, kubwa, ina mkwaruzo wa ile migomba. Hii ilikuwa ndogo, nyekundu iliyopauka, imefungwa kwenye kipande cha kanga kwa utaratibu, kama mtu anavyofunga kitu cha mtu anayemheshimu. Nikaijaribu. Ikakwama masikioni. Nikanyoosha nywele, nikajaribu tena, ikakwama pale pale. Nikainusa. Mafuta ya mgando, na harufu nyingine kali kidogo niliyoona kama naijua lakini sikuikamata.

Nilikaa juu ya gunia mle stoo. Nilijiambia ya mteja, labda ameisahau. Halafu nikajiuliza mteja gani wa kusukiwa mota anasahau kofia iliyofungwa kwa kanga.

Nikaenda kwa Fundi Elirehema. Unamjua rafiki yako, mtu uliyepata naye kipaimara benchi moja, anaongea kama maneno yanauzwa. Nilimwambia nataka aikague pikipiki kabla ya ukoo kukaa. Akaja, akainama, akasoma namba kwenye dashibodi.

"Themanini na nne," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Hii haina geji ya mafuta, Mama Neema. Alikuwa akijaza tenki anairudisha kwenye sifuri, apate kujua ameenda kiasi gani. Na alikuwa anajaza Jumamosi asubuhi. Kilomita hizi ni za Jumamosi ya mwisho."

"Kwa mama yake kwenda na kurudi ni ngapi?"

Akafikiri. "Arobaini na kitu."

Nikaitoa kwenye themanini na nne, zikabaki nyingine karibu kama hizo. Nikamtazama, nikaona kuna neno linamkereketa. Nikamwambia, "Elirehema, umekula ugali wangu miaka ishirini. Sema."

Akafuta mikono kwa muda mrefu. "Aliniambia nilegeze springi ya nyuma. Akasema anabeba mtu mwepesi. Kama kilo arobaini hivi. Na hapa nyuma akaniambia nimchomelee kishikio, mtu ashike vizuri."

"Mtu gani?"

"Sikumuuliza. Mtu akiniletea springi, nashughulika na springi."

Baba Neema, wewe unaijua mizani yangu. Nimezidi themanini tangu Neema hajaenda shule. Kilo arobaini ni msichana. Kilo arobaini na kiuno kimekwenda ndani. Nilianza kuwapima mabinti wote ninaowajua kwa macho. Kwenye kwaya nilikuwa nawatazama vichwa. Nilimpigia hata Neema huko Dodoma, nikamuuliza kwa ujanja kama baba yake alimnunulia helmeti. Akacheka, akasema, "Mama, mimi kichwa nimerithi kwako."

Na hapa ndipo pabaya. Jumapili ile ilikuwa ya Chakula cha Bwana. Benchi letu liliposimama, mimi nilibaki nimekaa. Sikuweza kwenda mezani na moyo ule. Ningekuwa nimekosana na mtu aliye hai ningemfuata nyumbani kwake, tukasemezana, nikaenda. Wewe ningekufuata wapi? Nilikaa, nikawatazama wenzangu wanapiga magoti, nikaona maisha yangu yote niliyobakiza nitakuwa mtu wa kubaki kwenye benchi. Mchungaji alinitazama. Mama mmoja akaninong'oneza, "Magoti?" Nikamwambia ndiyo, magoti. Nikaongeza uongo juu ya lile jingine.

Nikakaa hivyo wiki kadhaa, mwisho nikaona hapana. Nikijua, hata kama ni baya, nitajua ninachokusamehe. Sikuwa na namna ya kusamehe kitu nisichokijua.

Juzi Alhamisi nikamwambia Elirehema anipeleke Nkoaranga kwa pikipiki hiyo hiyo. Nilitaka kuziona hizo kilomita kwa macho yangu, zinaishia wapi. Na nilitaka kumwekea mama yako helmeti mbele yake nimwambie, Mama, mwanao alikuwa na mtu. Niliona sina mwingine wa kumwambia aliyekupenda kama mimi. Mjane kupanda nyuma ya mwanaume wa watu si jambo dogo, kwa hiyo nilipita kwanza kwa mke wake. Akasikiliza, akasema, "Nenda naye tu, ila nirudishie." Nikavaa suruali ya Neema ya michezo, kitenge juu yake, helmeti ya Elirehema ya akiba kichwani, na ile ndogo kwenye kikapu mgongoni. Nikakaa kiume. Kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini na moja.

Sitakudanganya, hadi Tengeru nilikuwa nimefumba macho, nasali. Halafu nikafumbua moja. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mlio ule ninaousikia jikoni unatisha, lakini ukiwa juu yake haukai masikioni. Unakaa kwenye mbavu. Nikajiuliza kama ndicho ulichokuwa unalaza sikio kukisikiliza.

Tulipoacha barabara kubwa na kuanza kupanda, Elirehema akawa anahangaika kwenye kona. Mwisho akasimama kabisa.

"Mama Neema, unanivuta."

"Sikuvuti. Nimekaa."

"Ndiyo hivyo, umekaa. Nikienda huku wewe unabaki kule."

"Nitabaki huko huko. Panda tu taratibu."

Akapanda taratibu. Ile kona ya hospitali tuliipita kama tumebeba mayai, na mwenye migomba yupo kwenye mfereji wake anauzibua, akatupungia mkono kama mtu anayetusubiri tuingie.

Mama yako alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Aliposikia mlio aliacha majani, akaja getini mbio mbio na fimbo yake, halafu alipomwona Elirehema akapunguza mwendo. Uso ule sitausahau. Alikuwa amekuja kukupokea wewe. Alisahau kidogo, akakumbuka akiwa njiani.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akatukaribisha hapa barazani. Elirehema akaenda kuchungulia zizi, kwa adabu. Nikaona nikichelewa nitashindwa, nikafungua kikapu, nikaiweka helmeti mezani.

"Mama," nikasema, "nimekuta hii kwa mwanao."

Akaivuta kwake. Akaigeuza, akafuta vumbi kwa upindo wa kanga.

"Kumbe ipo," akasema. "Nilidhani mmeitupa. Nikaona aibu kuulizia kofia kwenye msiba."

Sikuelewa. Akafungua kilemba, akaivaa, akafunga kamba ya kidevuni bila hata kutazama, kama mtu aliyeifunga mara nyingi. Ikamkaa kama yai kwenye kikombe. Ndipo ile harufu nyingine ikanijia jina: ugoro. Ugoro wa mama yako anaoficha kwenye pindo la kanga miaka yote na sisi sote tunajifanya hatuujui.

Baba Neema, nilicheka. Nilianza kulia lakini katikati kikawa kicheko, na yeye ananitazama kutoka ndani ya helmeti, macho mawili tu na mikunjo.

"Unacheka nini?"

"Mama, ulikuwa unapanda?"

"Kila Jumamosi. Hadi Kikwe, kule bondeni, na kurudi."

"Kufanya nini Kikwe?"

"Kupita," akasema. Akaona sijaridhika. Kwenu wote ni hivi, mpaka mtu awavute maneno kwa kamba. "Wewe umenikuta nimeshazeeka. Mimi njia hii nimeishuka na mkungu kichwani tangu sijavunja ungo. Hapa hadi kule bondeni, kuuza, na kurudi na mahindi, kwa miguu, na mtoto mgongoni. Shingo hii unavyoiona imebonyea, ni ile njia. Siku moja mwanangu akaniuliza, mama unataka nikuletee nini mjini. Nikamwambia sitaki kitu cha mjini. Nataka niipite ile njia nimekaa."

Nilikuwa nakuona ukiambiwa hivyo. Nilikuwa nakuona unakuja nyumbani na hilo neno, unalala nalo, halafu unakwenda kwa Elirehema kulegeza springi.

"Mbona hamkuniambia?"

"Mimi ndiye niliyemkataza. Mjane wa mzee wa kanisa, miaka sabini na nane, kwenye kidude kile. Wangenisema mpaka kwenye ibada ya wazee." Akavua helmeti, akaiweka mapajani. "Na yeye naye alisema tusikuambie. Alisema wewe uliogopa, ukisikia mimi sikuogopa utajiona mdogo."

Hilo nililipokea taratibu. Linauma na linapoza mahali pale pale. Nikamuuliza kweli hakuogopa, hata kwenye kona?

Akanitazama kama aliyeulizwa swali la mtoto. "Umebeba mtoto mgongoni wewe?"

"Nimembeba Neema."

"Mtoto akilegea anakuwaje?"

"Mwepesi."

"Akijikaza?"

Nikakumbuka Neema alivyokuwa akijikaza akiona mbwa, alivyokuwa akinivuta nyuma mpaka mbeleko inafunguka.

"Haya," mama yako akasema. "Mimi nimebeba saba. Nilipopanda nikajiambia, leo mimi ndiye mtoto. Nikamlalia mgongoni nikalegea. Akiinama nainama. Kazi ya anayebebwa ni hiyo tu, nyingine ni ya mbebaji."

Nilitaka kumweleza nilichokuwa nimekifikiria juu yako. Nadhani alikijua, maana alinishika mkono akasema, "Ukakuta kofia ya mwanamke ukafikiri kofia ya mwanamke. Si ndiyo ilivyo?" Akainuka kwenda kutafuta chai. Hakulirudia tena neno hilo, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo.

Tuliposhuka, nilimwambia Elirehema asipunguze kwenye kona ya hospitali. Akageuka kunitazama. "Una hakika?" Nikamwambia endesha. Kona ilipokuja niliona ardhi inapanda upande wangu, majani ya migomba yapo hapa karibu na goti, na mwili wote ukapiga kelele nijivute. Nikasema kwa sauti, ndani ya helmeti, leo mimi ndiye mtoto. Nikalegea. Nikalaza shavu kwenye mgongo wa mtu. Pikipiki ikazunguka yenyewe, laini, kama kisu kwenye parachichi, tukatokea upande wa pili tumesimama wima, na sikuwa nimefanya chochote.

Ilikuwa rahisi hivyo. Miaka minne iliyopita uliniambia maneno mawili tu, wewe lala, sikuyaelewa; na mama yako, je, alihitaji kuambiwa hata moja?

Nina maswali mengi, na sasa ni ya raha, si ya kuniumiza. Mlikuwa mnaongea nini njiani, na ule upepo? Alikuwa anaimba? Mlipofika Kikwe mlisimama mahali, au mligeuza tu? Yeye nimemuuliza, anasema, "Ya njiani ni ya njiani." Basi nimewaachia. Kuna kitu chenu wawili, na mimi nimetosheka kujua kwamba kipo na kwamba ni chema.

Kwa upande wangu nakuomba radhi. Nimekuwekea binti wa kilo arobaini usiyemjua, nimekubebesha kaburini, na wewe ulikuwa umembeba mama yako. Nimeshaomba toba kwa Mungu. Nilitaka na wewe uisikie.

Jumamosi ijayo wakiniuliza nitauambia ukoo kwamba pikipiki iende kwa Elirehema, maana ndiye anayeijua na haitaota kutu mikononi mwake. Ila kwa sharti moja, kwamba kila Jumamosi ampitishe mama yako ile njia yake, na ndilo analolijaribu leo asubuhi. Wameondoka saa tatu. Nilimsaidia mama yako kupanda. Alikuwa amevaa suruali yako ya zamani ya kazi chini ya gauni, imekunjwa mara tatu, na ugoro wake mfukoni. Akamgonga Elirehema mgongoni kwa fimbo, kisha akanikabidhi fimbo. Kishikio cha chuma ulichomchomeleshea hakukigusa kabisa. Alimkumbatia tu Elirehema akamlalia, wakaenda.

Kesho ni Jumapili ya Chakula cha Bwana. Nimeshainyoosha blauzi nyeupe. Benchi letu likisimama, nami nitasimama. Yule mama akiniuliza habari za magoti, nitamwambia yamepona.

Ngoja. Nawasikia. Wako chini huko, wanapanda. Sasa naijua kona kwa sikio: mlio unashuka kidogo, unatulia, halafu unainuka. Hapo ndipo wanapolala. Wameshatoka.

Naweka kalamu nikafungue geti. Uwe na amani hapo tulipokulaza, chini ya mgomba wako. Usituharakishe, tunakuja, kila mtu kwa zamu yake, na tumeshajua kulegea.

Ni mimi mkeo,
Mama Neema